Mtungi Mmoja wa Maji ya Papa

Jumatatu, 5 Januari

Natangaza rasmi, mbele ya shajara hii, mbele ya kuku wa Mwaitu na mbele ya historia yote ya Makindu: leo asubuhi mimi, Muindi, nimetia uso ndani ya karai la maji na nimekaa humo mpaka nikahesabu kumi na tisa. Rekodi! Kuku mmoja alishuhudia. Mwaitu, mama yangu, pia alishuhudia, lakini yeye aliuliza tu kama hilo ni karai la mboga au ni lile la miguu.

Lilikuwa la miguu.

Kwa nini mwanamume wa miaka thelathini na nane anajizamisha kwenye karai? Wayua.

Wayua ni fundi wa nguo, kibanda cha tatu kutoka changu. Mimi natengeneza redio, simu, pasi na kila kitu chenye skrubu. Aliniletea cherehani yake kabla ya Krismasi, inakwaruza, inakwama. Nikamwambia shida iko ndani sana, inataka uchunguzi. Shida yenyewe niliijua siku ileile. Sitaiandika hapa. Lakini mtu akitengenezewa kitu chake anakichukua na haonekani tena, na asipotengenezewa anapita kila asubuhi, anasimama mlangoni mkono kiunoni na kuuliza, "Fundi, leo je?" Naishi siku nzima kwa hilo swali.

Mwezi jana, ili asimame zaidi kidogo, nikamwambia kwamba nilipokuwa Diani nilikuwa mzamiaji. Ati nilikuwa nashuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni, kuwatembelea papa shilingi. Nikamweleza: ndiye samaki mkubwa kuliko wote, urefu wa lori, mgongo umejaa madoa kama sarafu. Wayua alisimama robo saa. Robo saa nzima! Alisahau hata kuuliza cherehani.

Ukweli ni huu, kwa kuwa shajara haina mdomo. Diani nilikaa wiki sita, nikifua taulo za wazamiaji. Bahari niliiona kupitia dirisha la chumba cha kufulia, tena kipande tu, kati ya matangi mawili. Kuogelea sijui. Huku kwetu mto ni mchanga. Mtu ataogelea wapi?

Jumanne, 6 Januari

Balaa. Wayua alimsimulia baba yake.

Nimeitwa kijijini Kiboko, kwa baba huyo, Mzee Nyamai. Nilijua ni habari ya ntheo, kwa sababu nilishatuma mjomba wangu kuuliza. Ntheo ni wale mbuzi watatu wa kwanza wa mahari. Wakishapokelewa, dume akachinjwa na wazee wakala, basi huyo mwanamke ana mwenyewe, hata kama harusi ni ya mwaka ujao. Mbuzi ninao. Yaani Mwaitu anao.

Nikapewa kiti chenye miguu mitatu na nusu. Kiti kizima kilikuwa na Mbuvi.

Mbuvi ana lori la maji. Ana kisima kirefu cha kuchimbwa, ana pampu, ana kiti mbele kanisani. Maji yake ni ya chumvi mpaka sabuni haitoi povu, lakini ndiyo tunayokunywa sote. Na yeye kumbe ametuma mjomba.

Mzee akanyoosha miguu. Akasema magoti yanamla. Amepakwa maji ya bahari miaka na miaka, maana kila mtu wa huku akienda Mombasa lazima aagizwe chupa ya maji ya bahari, ya magoti, ya upele, ya mtoto asiyelala. Hayajamsaidia. Na sasa amejua kwa nini: watu huchota ukingoni, pale watu wa Nairobi wanapooshea miguu. Dawa iko chini. Iko pale huyo mnyama mkubwa anapopumulia. Akasema anamshukuru Mungu kwamba kati ya wanaomtaka binti yake kuna mtu anayefika huko.

Sote tukatazamana. Huyo mtu ni mimi.

Akasema Jumamosi ya wiki ijayo atapokea ntheo, na hataangalia mbuzi. Anataka mtungi mmoja wa maji ya papa. Atakayemletea ndiye mtu wa neno lake.

Mbuvi akaniuliza kwa upole, "Baharia, na huyo papa wako hana magoti ya kuuma?" Watu wakacheka. Nikaona lazima nitoe ushahidi, nikatoa simu na kuwaonyesha picha yangu nikiwa chini ya maji, nimevaa suti nyeusi ya mpira na miwani kubwa. Ni picha ya Mjerumani fulani, nilimpiga picha akijiosha na suti yake chini ya bomba, lakini uso hauonekani. Mzee akaivuta simu karibu na jicho. Akauliza mbona mkono ni mweupe.

Nikasema maji ya chini yanachubua.

Wayua alikuwa anamimina chai. Aliniangalia vile mtu anaangalia balbu, akingojea stima irudi. Ningekufa papo hapo. Ningepumzika.

Jumatano, 7 Januari

Nimefikiri usiku kucha. Bahari ni nini? Ni maji na chumvi. Sisi hapa tuna maji, na yana chumvi tayari. Kwenda Diani ni kusumbua tu barabara.

Nimejaza mtungi wa lita tano kwenye bomba la Mbuvi. Nikaongeza vijiko sita vya chumvi, mchanga kidogo wa mto, na kichwa kimoja cha omena kwa ajili ya harufu. Nimeonja. Bahari kabisa! Kama ile ninayokumbuka kwenye taulo.

Nimejificha nyumbani mchana wote ili nionekane nimesafiri. Njaa ikanishika, nikaruka kwenda hekalu la Singasinga, ambako msafiri hupewa chakula bila kuulizwa. Mimi hula pale mara kwa mara kama msafiri. Safari yangu ni kutoka upande wa pili wa barabara. Yule mzee wa kugawa dengu leo ameniuliza nitafika lini niendako.

Ijumaa, 9 Januari

Nimepeleka mtungi Kiboko. Nimeingia nikichechemea, nimejifunga taulo shingoni. Nikasema papa mwenyewe alinisukuma kwa mkia, kwa mapenzi tu.

Mzee Nyamai hakupaka magotini. Alimimina kwenye kikombe akanywa! Nani anakunywa bahari? Akatafunatafuna yale maji, macho juu, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye msongamano. Kisha akasema, "Haya ni ya kisima cha Mbuvi. Yamewekwa chumvi. Na samaki wa kununua."

Nikamwambia nilikuwa nampima, kuona kama mzee anayajua maji, kwa sababu siwezi kumletea ya kweli mtu asiyejua tofauti.

Kuku akapita. Mbuzi akapita.

Mzee akasema sawa. Amepimwa, amefaulu. Jumamosi ya wiki ijayo itakuwa zamu yangu.

Wayua akanisindikiza mpaka langoni. Nilidhani ataniuliza habari ya papa. Akaniuliza habari ya cherehani. Shule zimefunguliwa, kina mama wamejaa kibandani kwake na vitambaa vya sare, wengine anawarudisha. Akasema, "Muindi, niambie tu kama imekufa. Nitalia, halafu nitatafuta njia nyingine."

Nikasema uchunguzi umefika pazuri.

Jumapili, 11 Januari

Kanisani. Mbuvi amesimama wakati wa maombi akaomba kwa sauti, ati Bwana awalinde wote wanaosafiri baharini, na awape wale wasiosafiri ujasiri wa kukiri. Watu wakasema amina wakinitazama. Hata watoto wa Sunday school wananiita Papa.

Nimeamua. Nitaenda. Nitashuka. Nitachota. Sina njia nyingine, nimezitumia zote.

Nimemweleza Mwaitu. Aliendelea kuchambua maharagwe. Akasema kama nitakufa maji nife na shati la zamani, lile jipya atampa mjomba.

Jumanne, 13 Januari

Diani. Nimekuja juu ya lori la vitunguu. Nanuka mpaka paka wa hapa wananikwepa.

Nimesimama ufuoni na mtungi wangu wa njano, mtupu, nimeufunga kifuniko barabara usiingie mchanga. Ile bahari! Kwenye dirisha la kufulia ilikuwa ndogo. Sasa nimeona ni maji mengi kupita kiasi na hakuna mtu anayeyauza.

Nimepata kikosi cha wazamiaji. Mkubwa wao anaitwa Ahmednasir. Jina na sura vikanishangaza, nikamuuliza kwao ni wapi. Garissa! Mtoto wa wafugaji wa ngamia, mtu wa nchi kavu kunishinda mimi, na ndiye anayefundisha watu kuishi chini ya maji. Nilijisikia kuumwa.

Nikamwambia mimi ni mzamiaji mwenzake, wa miaka mingi, nimekuja tu kunyoosha misuli. Akanipa vile viatu vya bata nivae. Nikavaa. Akanitazama nikitembea navyo kwenye ngazi ya mbao mpaka nikaanguka. Akauliza mzamiaji huyu alizamia wapi. Nikasema Makindu. Akasema anapita Makindu kila akienda kwao, na maji mengi aliyowahi kuona pale yalikuwa ndani ya chai.

Hapo Mungu akanikumbuka. Redio ya mashua yao ilikuwa imekufa siku tatu, na bila redio hawatoki. Nikaomba bisibisi. Waya mmoja ulikuwa umechomoka. Nikautazama kwa muda mrefu, nikapumua kwa uchungu, nikawaambia shida iko ndani sana. Nikajifungia nayo mpaka alasiri. Ilipolia, nahodha alinikumbatia na vitunguu vyangu vyote.

Ahmednasir akasema kesho nitashuka bure, kwa masharti mawili: nisimwachie mkono, na nisimdanganye tena, kwa sababu chini hakuna muda wa uongo.

Nikaahidi. Niliahidi haraka sana, nakubali.

Jumatano, 14 Januari

Nimeshuka.

Lazima niandike sawasawa, maana hii ndiyo siku pekee kwenye shajara hii yote ambayo sihitaji kuongeza kitu.

Asubuhi alinifundisha kupumua kwa kile kidude cha mpira, pale maji yanapofika kiunoni. Nilimeza bahari ya kutosha kutibu kijiji. Kisha mashua. Kisha suti ya mpira, mkanda wa vipande vya risasi, ile metali nzito, wa kunivuta chini, mtungi wa hewa mgongoni. Nikachukua na mtungi wangu wa njano. Ahmednasir akauliza huo ni wa nini. Nikasema ni wa baba mkwe. Akatikisa kichwa, lakini yeye pia ana baba mkwe, akaacha.

Tukaruka. Yeye akashuka. Mimi nikabaki juu, kama kizibo. Akanivuta mguu, nikashuka kidogo, nikarudi juu. Akaniongezea risasi kiunoni. Nikashuka kidogo, nikarudi juu, mkono wa kulia mbele kama mtu anayechukuliwa mbinguni. Watalii wakapiga picha. Nilidhani ni dhambi zangu bahari inazikataa.

Ulikuwa ule mtungi. Mtupu, umefungwa barabara, umejaa hewa ya Makindu. Mgongoni nina hewa ya kupumua, mkononi nina hewa ya kunirudisha nyumbani! Ahmednasir akatoa kidude chake mdomoni, kisha changu, ili anitukane vizuri. Akaniuliza walahi, kwetu hatuna akili au hatuna maji? Nikamwambia kwetu mtungi ukiwa mtupu haujawahi kukataa kuzama, kwa sababu hakuna pa kuuzamisha. Alicheka mpaka akashika mashua. Akafungua kifuniko, ukajaa, nikashuka kama jiwe.

Chini ni kimya. Najisikia tu mimi mwenyewe, navuta pumzi kama ng'ombe mgonjwa. Ahmednasir akaninyooshea kitu. Nikaangalia, nikaona kivuli. Nikafikiri ni mashua. Kivuli kikageuka.

Papa shilingi.

Nilikuwa nimesema urefu wa lori. Nilidanganya bila kujua nasema kweli. Mdomo mpana kama mlango wa kinu cha unga, na mgongo una madoa meupe, yamepangwa kama ya kanga wa porini. Anakula vidudu visivyoonekana. Hakuwa na haraka. Akapita mbele yangu, na jicho lake, dogo, dogo kabisa kwa mwili ule, likanitazama.

Nilijikojolea. Suti ikapata joto. Niandike yote.

Halafu woga ukaisha, sijui ulikwenda wapi. Nilimtazama akipita, akipita, haishi. Kwa muda huo sikuwa na uongo hata mmoja kichwani. Sikumkumbuka Mbuvi. Nilitamani tu Wayua angekuwa pale, upande wa kushoto, anione nikiwa nimenyamaza.

Nikamwaga yale maji ya juu yaliyokuwa kwenye mtungi, Ahmednasir akanisaidia kwa kuingiza hewa kidogo na kugeuzageuza, nikajaza mengine, pale pale mkia ulipopita. Nikafunga. Akanipiga picha na kamera yake ya taa, na tulipotoka akaihamishia kwenye simu yangu.

Nilipotoka nililia. Ahmednasir alisema ni kawaida, yeye pia alilia mara ya kwanza, na huyo ni mtu aliyepigwa teke na ngamia hakulia.

Alhamisi, 15 Januari

Safarini, juu ya mzigo wa saruji. Mtungi nimeupakata kama mtoto. Huko Mtito Andei dereva akaomba maji ya kutia kwenye rejeta. Nikakataa. Akasema ni ya nini basi. Nikamwambia ni dawa ya magoti kutoka kwa papa. Akanishusha. Nimetembea, nimepata lori lingine. Naimba.

Jumamosi, 17 Januari

Siku ya ntheo. Andika, Muindi. Andika tu.

Tulifika Kiboko asubuhi: mjomba, Mwaitu na kitenge chake kizuri, mbuzi watatu, mtungi na mimi. Mbuvi alikuwa ameshafika. Mbuzi wake wamenenepa kama wajumbe wa kamati. Wazee wamekaa. Wayua yuko mlangoni mwa jikoni na wanawake, amevaa nguo aliyoshona kwa mkono, sindano na uzi, nilijua kwa sababu ya pindo. Nilijua pia ni kwa sababu ya nani.

Nikauweka mtungi mbele ya Mzee Nyamai. Nikasimulia. Sikuongeza kitu, hata kile cha suti nilikisema, wanawake wakashika midomo. Nilisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kusimulia uongo wowote.

Mzee akamimina kikombe. Maji safi, yanang'aa. Akanywa. Akatafunatafuna. Akatazama juu.

"Kisima cha Mbuvi," akasema. "Safari hii hukutia samaki."

Nikapiga magoti. Nikaapa. Nikasema aonje tena. Akaonja tena, akasema amekunywa maji ya Mbuvi miaka yote hii, chumvi yake anaijua kama ya machozi yake mwenyewe. Nikatoa picha! Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Yule mnyama amejaa nyuma, na mbele kuna mtu mwenye miwani anashika mtungi wa njano. Taa ya kamera imepiga mkono wangu. Na maji yalikuwa yameukunja. Mkono mweupe pee.

Mzee mmoja akasema, kwa huruma, "Ni yule mzungu tena."

Mwaitu akasema kwa sauti kwamba huo ni mkono wa mwanawe, anaujua, ndio uliovunja sahani zake zote. Lakini nani anamsikiliza mama kwa shauri la mwanawe?

Kisha Mbuvi akasimama. Akasema yeye hajui kuzamia, ni mtu wa kawaida. Alimtuma tu dereva mmoja anayepeleka mizigo, amwombe mvuvi ashuke chini kabisa. Akatoa chupa. Chupa ya kioo! Yenye kizibo cha buluu! Maji ndani ni mekundu kidogo, yana chengachenga zinazozama.

Kutu. Kutu ya bomba la kisima chake. Ninaijua ile kutu, imo kwenye sufuria yangu ya chai!

Mzee akainyanyua kwenye jua. Akasema sasa hayo ndiyo ya chini. Tazama udongo wake. Akapaka goti la kulia. Akalikunja, akalikunjua. Akapaka la kushoto. Akasimama bila fimbo. Wanawake wakapiga vigelegele.

Dume la Mbuvi lilichinjwa kabla ya saa sita. Nikapewa kipande cha shingo. Nilikula. Nilikuwa sijala tangu Mtito.

Wayua alikuja nikiwa nanawa mikono. Nikamwambia ni kweli, Wayua, safari hii ni kweli. Akasema anajua. Alijua nilipofika pale kwenye suti. Hakuna mtu anayejitungia hilo. Akasema habari ya papa hajawahi kuikataa, hata ile ya kwanza, aliipenda tu. Ya cherehani ndiyo iliyomshinda. Alipita kwangu mwezi mzima, na kila asubuhi nilimtazama machoni nikamwambia bado. Mbuvi hakumwambia chochote, alimtafutia cherehani ya kuazima kule Emali, akaileta kwa lori jana jioni.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mbuzi wetu tumerudi nao. Wao ndio waliofurahi.

Jumatatu, 19 Januari

Wayua na Mbuvi wamekuja kuchukua cherehani. Nikasema uchunguzi haujaisha. Mbuvi akainama, akalizungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza ule mkwaruzo. Akaenda kwenye lori, akarudi na kikopo. Akadondosha matone mawili. Akazungusha tena.

Ikaimba.

Ilitaka mafuta tu. Basi, nimeiandika. Wayua alinitazama, akanisoma mpaka nyuma ya kichwa. Akasema, "Asante kwa kuiwekea kivuli, fundi." Wakaipakia.

Nimefunga kibanda. Nimeinua ule mtungi wa njano, maji ya kweli kabisa, ya pembeni ya mkia. Nimefikiria kuyamwaga. Mwaitu akasema nisiyamwage hovyo, akayapikia ugali. Haukuhitaji chumvi.

Jumanne, 20 Januari

Nimetubu. Maisha mapya. Kuanzia leo natengeneza kitu siku kinapoletwa, na nasema kilichopo tu. Nimeandika kwa chaki juu ya mlango: KAZI NI SIKU HIYO HIYO.

Saa tatu akaja Mwalimu Nduku. Amehamishiwa shule ya hapa kutoka Tawa, hajui mtu. Simu yake imezima jana na haiwaki. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni. Asubuhi ilikuwa safi, Kilimanjaro imejitokeza yote kule ng'ambo, nyeupe juu. Akasema jamani, mlima huo, mtu anaweza kweli kufika kileleni?

Nikamwambia nimefika mara mbili. Ya pili nilipita upande mgumu.

Alisimama dakika kumi. Akauliza kama ni kweli ile barafu ya juu ni dawa ya kifua, maana mama yake anakohoa sana. Nikasema ni dawa kabisa, hasa ile ya kileleni, ya chini imekanyagwa na watalii. Akauliza ningeweza kumpatia kidogo. Nikasema ngoja nione.

Na simu? Nikamwambia shida iko ndani sana. Apite kesho.

Alipoondoka nikaifungua. Ilikuwa haina chaji.